Waya Uliopita Chumbani kwa Baba

Baada ya mama kufariki, baba alianza kupiga hodi ndani ya nyumba aliyoishi tangu siku ya ndoa yake. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kichwa amekiinamisha kidogo, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima kitu. Dada yangu alimjibu, "Karibu, Baba. Lakini unambishia nani hodi?" Baba alitabasamu, akachukua kikombe chake cha chai, akarudi nacho chumbani. Kesho yake alipiga hodi tena.

Mwanzoni sikuyaona haya kwa macho yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa Moroni. Dada ndiye aliyenisimulia, na alisimulia akicheka, kama tunavyosimulia vituko vya wazee. Mimi sikuweza kucheka.

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini. Kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke. Mtoto wa kike akizaliwa, baba yake na wajomba zake huanza kukusanya mawe, na nyumba hupanda polepole pamoja naye: akianza chuo cha Kurani, ukuta; akivunja ungo, dari. Siku ya harusi mume huja na nguo zake na heshima yake, akaingia. Mke akitangulia kufa, nyumba hubaki kwa binti, na mwanamume hurudi alikotoka, kwa mama yake, au kwa dada yake kama mama hayupo. Hakuna anayemfukuza. Hakuna hata neno linalosemwa. Ni jambo linalojulikana tu, kama inavyojulikana kuwa viatu huvuliwa mlangoni.

Nyumba yetu iko Mutsamudu, ambako kutoka Moroni huendwa kwa boti, mtaa wa Hombo, juu kidogo ya hospitali ile ile alimofia mama. Nusu yake aliijenga mjomba, kaka yake mama, na nusu nyingine aliijenga baba kwa mikono yake, jioni, baada ya kazi yake ya ukarani bandarini. Lipu ya jikoni ni yake. Ngazi za mbele ni zake, na kila ngazi ina kimo sawa na mwenziwe, maana alizipima kwa kijiti kimoja ambacho hata leo hakubali kitupwe. Baba alikulia Unguja, akarudi kisiwani kwa wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili nilichonacho ni chake. Hakuwa na dada wa tumbo moja. Alikuwa na binti wa mama yake mdogo tu, mjane aliyekaa mji wa zamani, chini kule, katika nyumba yenye chumba kimoja cha chini kilichowekwa mitungi na magunia. Nilipokuwa mtoto nilikiogopa chumba kile. Hakikuwa na dirisha.

Mimi nilikuwa fundi umeme, kama naruhusiwa kujiita hivyo. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua redio na kuzifunga, kwa kusimama nyuma ya mafundi waliokuwa wakinifukuza, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja: kwamba ipo siku atakutana na jambo dogo ambalo kila mwenye cheti analijua, yeye halijui, na jambo hilo litaua mtu. Hofu hiyo ilinifanya nikaze skrubu, nirudi kuijaribu, kisha alfajiri niende kubisha mlango wa watu ili niijaribu tena. Mama yangu mdogo, niliyekaa kwake huko Moroni, mtaa wa Magoudjou, alikuwa akisema kwamba nikioa, mke wangu ataomba talaka kwa ajili ya swichi.

Mwaka uliofuata kifo cha mama, mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Reunioni, alileta oveni.

Haikuwa oveni ya kusimama chini kama kabati. Ilikuwa ya kupachikwa ndani ya ukuta, na mlango wake ulikuwa wa kioo cheusi ambamo unauona uso wako. Dada yangu alikuwa anaolewa, harusi ya heshima, ile ambayo wanawake wa mtaa huja kuitazama nyumba chumba kwa chumba, wakafungua makabati, wakagusa mapazia, wakanong'onezana. Jikoni ndiko wanakokawia zaidi. Dada alimpa ujumbe kila msafiri aliyekuja Moroni: oveni imefika, niende nikaiunge, na siku ya kutazamwa nyumba lazima iwe inawaka, na keki imo ndani.

Hakuna msafiri aliyetaja habari ya baba, lakini mimi niliisikia katika kila ujumbe. Mama angekuwa hai, mkwe angeingia na wazee wangebaki upande wao, kama majirani wanavyofanya. Sasa mwenye nyumba alikuwa dada, na mume wa dada alikuwa anakuja, na katikati ya nyumba ya watu wawili wapya palikuwa na mzee anayepiga hodi.

Nyumba ile naijua hata gizani. Mita ya umeme iko ukumbini, mbele. Jiko liko nyuma. Katikati, ukuta kwa ukuta, kipo chumba cha baba. Waya wa oveni ungeweza kukata moja kwa moja: utoke kwenye mita, upenye chumba cha baba, upite juu ya kitanda chake, utokee jikoni. Au ungeweza kuzunguka: utoke barazani, ufuate ukuta wa ua, upite nyuma ya tangi la maji ya mvua, uingie jikoni kwa mlango wa nyuma. Njia ya pili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Fundi yeyote mwenye akili zake angepita chumbani.

Nilichagua kuzunguka. Niseme yote yaliyokuwa moyoni: nilijiaminisha kwamba baba anaweza kubaki. Nilifikiri, kama shughuli nzima ya harusi itapita bila mtu kukigusa chumba kile, bila kitanda kusogezwa, bila tindo kugonga ukuta wake, basi siku zitakwenda, mkwe atazoea, na lile jambo linalojulikana litasahauliwa. Ilikuwa imani ya kitoto, na niliipigia hesabu kama mtu mzima.

Njia ndefu hudai waya mnene. Umeme huchoka njiani kama mchukuzi, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito hupata joto. Nilikuwa nimeletewa maandishi ya kibati kilicho nyuma ya oveni, nikajua inakula kiasi gani, nikapiga hesabu mpaka mama mdogo akaniuliza kama ninaandika wasia. Kwa njia fupi, waya wa milimita mbili na nusu ungetosha. Kwa njia ya kuzunguka, na umeme wetu wa Mutsamudu ulivyokuwa dhaifu, niliona lazima niende kwenye wa nne. Tena uwe na nyuzi tatu ndani, wa tatu ukiwa ule wa kijani na njano unaokwenda ardhini, maana oveni ni chuma na dada yangu hupika miguu mitupu. Tena uwe kipande kimoja bila kiungo, kwa sababu hewa ya bahari hula kiungo kimyakimya, na kiungo kilicholiwa hushika moto.

Moto wa namna hiyo nilikwisha kuuona kazi yake. Hapo hapo Magoudjou, nyumba chache kutoka kwetu, watu waliunga jiko la umeme kwenye waya wa taa. Niliitwa baada ya hasara. Ukuta ulikuwa umeungua kutoka kwenye soketi mpaka darini, alama nyeusi yenye matawi. Hakufa mtu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameisugua kwa sabuni na jivu, na alama haikutoka. Tangu siku ile kila nikishika waya mwembamba nauona ukuta ule.

Duka nililoliamini lilikuwa Badjanani, katika vichochoro vya nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakupenda kusimama. Nilimwambia nataka waya wa oveni.

"Oveni moja?" akauliza. "Chukua mbili na nusu. Watu wote wanachukua hiyo."

Nikamweleza habari ya kuzunguka ua na tangi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini nisipite ndani ya nyumba. Nikasema ndani kuna mtu.

Alinitazama juu ya miwani. "Mtu hulala kitandani, kijana. Halali ukutani."

Nilirudia tu kwamba nataka wa nne, nyuzi tatu, kipande kimoja. Akanung'unika, akanielekeza nyuma ya debe la misumari, na hapo palikuwa na bakaa la waya huo kwenye gurudumu kubwa, limefunikwa vumbi. Akasema lingine halipo na halitapatikana karibuni, maana siku hizi mizigo mizuri husombwa ingali bandarini, kwenda kwenye majumba ya wale. Hakusema wale ni akina nani. Nami sikuuliza.

Hakuna aliyeuliza miaka ile. Ilikuwa miaka kadhaa tangu wazungu wenye bunduki waliporudi kwa njia ya bahari na kuiweka serikali mpya, na tulikuwa tumezoea kuwaona wakipita na magari yao, na askari wetu wenyewe nyuma yao katika sare nyeusi. Tulizoea, yaani tulijifunza kushusha sauti. Mtoto akisema neno "mamluki" mezani, kijiko kiligongwa sahanini.

Niliupima waya pale pale sakafuni mwa duka, nikaupima tena. Ulizidi haja yangu kwa kiasi cha mkono mmoja. Nilimenya ncha, nikaitazama shaba yake, nyekundu, safi, isiyo na doa la kijani. Nakiri kwamba nilifurahi kuliko inavyompasa mtu kufurahia waya. Nilitoka Badjanani nimeubeba begani, umeviringwa kama kamba ya nanga, na nilikuwa nikisema na mama moyoni. Nilimwambia: nimeupata, hatutamgusa.

Boti ya Mutsamudu iliondoka alasiri. Wiki ile kulikuwa na minong'ono, kwamba kuna watu wametaka kuwageuzia meza wakubwa, na bandarini palikuwa na kizuizi. Watu walifungua masanduku, wakafungua vikapu, wanawake wakatoa hata nguo za ndani zikaonekana, na hakuna aliyetazama pembeni wala aliyetazama mbele. Mzungu mmoja alikaa ndani ya jipu kivulini, mguu mmoja nje, akila chungwa. Anayepekua alikuwa askari wa kwetu, wa rika langu, wa Ngazidja, kisiwa hicho hicho cha Moroni, kwa lafudhi.

Alipouona waya wangu aliniuliza ni wa nini. Nikasema wa oveni.

"Oveni gani inakula kamba nene hivi?"

Nilianza kumweleza. Hii ni aibu yangu nyingine: nikiingiwa na hofu huwa nasema sana, na kwa usahihi sana. Nikamweleza njia ndefu, uzi wa ardhi, miguu mitupu ya dada. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mtu mwenye la kuficha. Akanikatiza, akamgeukia mzungu, akasema naye kwa Kifaransa. Yule akatema mbegu, akasema neno moja. Askari akarudi, akasema anataka kuona ndani yake kuna nini.

"Ncha hii hapa, ndugu yangu," nikasema. "Nimeimenya mwenyewe. Tazama."

"Ncha ndiyo unayotaka tuione," akasema.

Akaushika waya katikati ya mviringo, akaukunja juu ya goti, akatoa koleo kubwa la kukatia seng'enge. Nilisema, "Nakuomba." Sikumbuki kama nilisema kwa sauti. Ulikatika kwa mlio mdogo, kama mlio wa jino. Akachungulia, akaona nyuzi tatu za shaba, kijani na njano, buluu, nyeusi. Hakuonekana kuona haya, wala kufurahi sana. Akanirudishia vipande vyote viwili, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu.

"Ulikuwa na mmoja, sasa unazo mbili. Sema asante, fundi."

Nikasema asante.

Njia nzima nilikaa juu ya sitaha na vipande vile mapajani, nikivipima kwa shubiri, kama kwamba vingeweza kurefuka. Hakukatia katikati kamili. Kimoja kilikuwa kirefu, kimoja kifupi. Kirefu hakikufika hata kwenye tangi la maji. Nilijua kingefika wapi, lakini sikutaka kulitamka jawabu hilo hata kwa nafsi yangu.

Dada alinipokea kwa furaha, mikono yote miwili imepakwa hina ya majaribio. Jikoni, mafundi uashi walikuwa wamekwisha kuikatia oveni nafasi yake ukutani, nayo ilikuwa imesimama kandoni, bado ina gundi ya karatasi kwenye kioo. Nilimweleza yaliyotokea. Alinipa pole, akawalaani wote watatu, askari, mzungu na chungwa, kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote angesema.

"Si uviunge, mdogo wangu? Una vipande viwili, una mikono miwili."

Nikamwambia kiungo kitakaa nje uani, penye mvua na chumvi. Akasema kitie kwenye kisanduku. Nikasema kisanduku kinaingiza hewa. Akasema basi nunua waya mwingine hapa hapa mjini. Nilikuwa nimekwisha kupita madukani kutoka bandarini, na mna waya wa taa, na mna wa mbili na nusu wenye nyuzi mbili tu, usio na uzi wa ardhi. Nikasema siwezi. Tulikuwa tumeanza kupandisha sauti, naye alikuwa amechoka, na mimi sikuweza kumwambia sababu yangu ya kweli kwa kuwa ingekuwa kulisema lile jambo linalojulikana.

"Hodi," akasema baba mlangoni.

Sikujua amesimama pale tangu lini. Alikuwa amekonda. Kofia yake ilikuwa imepigwa pasi. Nilimbusu mkono, akauliza habari za safari, akauliza habari za mama mdogo, kisha akaviangalia vile vipande viwili sakafuni kama mtu anavyowaangalia samaki sokoni.

"Kirefu hiki kinafika," akasema. "Pitisha chumbani."

Nikasema nimekwisha kuamua njia ya uani, nitatafuta namna.

"Namna ipo. Njoo."

Nilimfuata. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta. Sanduku lake la bati lilikuwa chini ya dirisha, limefungwa kamba. Kwenye ukuta ambapo zamani palitundikwa saa, kalenda, kanzu zake na kioo cha mama, hapakuwa na kitu. Hata misumari haikuwepo. Alikuwa ameing'oa yote, na kila tundu ameliziba kwa chokaa, akasugua kwa kidole mpaka likalingana na ukuta, na vidoa vyeupe vilikuwa vimetawanyika pale, vimekauka zamani. Kimoja nilikipitishia kidole. Hakikuwa na hata kovu. Mimi mwenyewe nisingeweza kuziba vizuri zaidi.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna askari aliyeniharibia kitu. Nilipokuwa nikipiga hesabu zangu Magoudjou, baba alikuwa amesimama juu ya kiti na kikopo cha chokaa.

"Umekwisha kuzungumza na shangazi?" nikamuuliza. Ndivyo tulivyomwita yule binti wa mama yake mdogo.

"Amehamisha mitungi," akasema.

Tulianza kazi baada ya sala ya adhuhuri. Nilitoboa tundu la kwanza kutoka ukumbini, la pili kutoka jikoni, kwa tindo na nyundo, juu, karibu na dari. Kuta zile ni nene, na mawe yake ni magumu. Vumbi lilinijaa machoni, na niliona ni heri, maana hakuna aliyeuliza macho yangu yana nini. Dada alikwenda kwa mshonaji. Baba alikataa kukaa. Alipanda juu ya meza chumbani mwake ili aupokee waya kutoka tundu la ukumbini na kuusukuma kwenye tundu la jikoni, ambako nilikuwa nausubiri. Sikumwona. Nilisikia sauti yake tu, ikitokea ndani ya ukuta, karibu sana na sikio langu.

"Unauona?"

"Bado."

"Mama yako aliniuliza pale hospitali," akasema ukuta. "Aliniuliza nitakaa wapi. Nikamwambia hapa hapa, kwa binti yetu."

Vumbi lilidondoka kutoka tunduni.

"Alijua ninasema uongo. Akasema, 'Haya.' Akanishika kidole hiki."

Mimi ni mtu wa maneno mengi mbele ya askari nisiowajua. Kwa baba yangu, tundu lile likiwa wazi na hakuna uso wa kuuonea haya, nilisema tu, "Sukuma, Baba."

Akasukuma. Ncha ya shaba ikatokeza, nikaishika. Nikavuta taratibu ili waya usijikwaruze kwenye jiwe, na upande wa pili niliusikia mkono wake ukiuachia kidogo kidogo, sawasawa na uvutaji wangu, kama watu wanaokunja shuka pamoja.

"Dada yako usimwambie ni kwa ajili ya mkwe," akasema. "Mwambie magoti yangu hayaziwezi tena ngazi."

"Ngazi zako mwenyewe?"

"Hizo hizo." Kisha akasukuma mara ya mwisho. "Umefika, fundi?"

Kwetu neno hilo halitolewi ovyo. Fundi ni yule anayekufundisha Kurani, na ni yule ambaye mkono wake umekubaliwa na watu. Baba hakuwahi kuniita hivyo. Nikasema nimefika.

Aliondoka Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, saa ambayo mitaa ina watu wengi na mtu mwenye sanduku haonekani sana. Mimi nilibeba sanduku na godoro. Yeye alibeba kile kijiti chake cha kupimia ngazi. Dada alisimama barazani. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya magoti, na alikuwa ameikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na kwa kukubali kwake upesi nikajua kuwa naye amekuwa akilala macho. Baba alizishuka ngazi zake zote bila kushika ukuta.

Kile chumba cha chini, mji wa zamani, kilikuwa kimefagiliwa na kupakwa chokaa upya. Shangazi alikuwa ametandika mkeka, ameweka birika. Lakini hakikuwa na taa. Nilirudi Hombo kuchukua kile kipande kifupi, nikakivuta kutoka chumba cha juu mpaka chini, nikatundika taa moja juu ya mto wake. Baba alikaa kwenye godoro akinitazama.

"Waya wa oveni kwa taa moja?" akasema. "Unataka kunioka?"

Tulicheka, shangazi naye akacheka. Niliikaza skrubu. Nikarudi nikaijaribu. Niliijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na baba hakuniambia niache.

Siku ya kutazamwa nyumba oveni iliwaka. Nilikuwa nimeipachika nafasini, nimeunga uzi wa ardhi, na nimesimama mbele ya mita tangu asubuhi kama mlinzi wa benki. Wanawake waliingia jikoni kwa makundi. Walijitazama kwenye kioo cheusi, wakavuta harufu ya keki, mmoja wao akasema yeye ataendelea kupalia makaa juu ya sufuria, maana moto asiouona hauamini, na wenzake wakamzomea kwa vicheko. Dada alikuwa anang'aa. Umeme haukukatika. Kazi yangu haikuwa na kasoro hata moja, na niliizungukia nikiitafuta.

Kisha niliingia chumbani kwa baba. Kilikuwa kimejaa zawadi, mikeka, masufuria yaliyofungwa vitambaa. Waya ulipita juu ya pale palipokuwa kitanda, ndani ya mfereji niliouchimba na kuufukia kwa lipu, laini, kama alivyoziba yeye matundu yake. Waya usiotosha huuonyesha udhaifu wake kwa joto. Ukigusa ukuta, kiganja kinajua. Nilipanda juu ya sanduku la mtu, nikaweka kiganja. Oveni ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote upande wa pili, nilikuwa nasikia vicheko na milango ya makabati.

Ukuta ulikuwa baridi. Nilisogeza kiganja polepole, kutoka tundu la ukumbini mpaka tundu la jikoni. Baridi, mwanzo hadi mwisho, kama inavyotakiwa.

Dada aliingia na sahani iliyofunikwa kawa. Alinikuta pale juu, mkono ukutani.

"Mpelekee Baba," akasema, "ingali moto."

Nilisema ninakuja. Lakini nilikawia kidogo kuutoa mkono.